Wageni Waliozaliwa Linyundo

Ninaandika habari za Restituta Ndunguru nikiwa bado na hasira. Nikisubiri zipoe nitaanza kuandika kistaarabu, na mambo waliyomfanyia mama huyu hayastahili ustaarabu.

Mimi ni Eunice, mwalimu wa baiolojia. Kwetu ni Singida. Serikali ilinipanga shule ya kata huku milimani Mbinga miaka tisa iliyopita, nikapata chumba cha kupanga nyumbani kwa Restituta na mumewe Emilian, na mpaka leo sijahama. Restituta ni mama wa miaka hamsini na tisa, mfupi, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, na ukimsalimia shikamoo anaitikia huku tayari amekupita. Ana kahawa, ana mahindi, ana maharage kwenye ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo. Na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa na kazi nyingine iliyowachekesha majirani: kuokota mavi ya mbuzi mawe.

Mbuzi mawe, kwa asiyemjua, si mbuzi. Ni swala mdogo wa milimani, anayesimama kwa ncha za kwato juu ya jiwe lililochongoka ambalo mimi na wewe tungelipanda kwa magoti. Wanaishi wawili wawili, dume na jike wake. Wakishtuka hupiga mluzi, mmoja akianza mwenzake anajibu. Na kila jozi ina choo chake, mahali pamoja inaporudi kila siku, kwa hiyo mtu mwenye miguu na subira anaweza kuwajua wote bila kumgusa hata mmoja.

Restituta alikuwa na miguu. Mradi wa uhifadhi uliokuja huku ulimpa vichupa vyenye dawa, akafundishwa kuokota punje mbili tatu mbichi kwa vijiti viwili, vijiti vipya kila choo, asichanganye, kisha aandike tarehe na mahali. Vichupa vilisafirishwa kwa basi mpaka maabara, huko wanasoma vinasaba, yaani ule urithi wa damu ambao kila kiumbe anapewa na baba na mama yake. Watoto wa kijiji walimwita Mama Mavi. Aliwajibu kwamba mavi yana adabu kuliko wao, maana yanakaa yalipowekwa.

Aliupanda mlima Linyundo kila Jumanne na kila Ijumaa. Mbuzi mawe wa Linyundo walikuwa kumi na watatu, na aliwajua mmoja mmoja. Kulikuwa na dume wa upande wa mashariki, kwenye majabali yasiyo na kijiji, ambaye sikio lake la kushoto lilichanika likabaki na pengo. Huyo alimwita Sikio. Alimpenda waziwazi na hakuona haya kusema.

Mwezi wa tisa mwaka mmoja alirudi na kitu ndani ya kanga. Alikiweka juu ya meza yangu, pembeni ya madaftari ya kidato cha nne. Kilikuwa kitoto cha mbuzi mawe kilichokufa. Taya la chini lilikuwa fupi, limeishia nusu ya njia, ulimi umelala nje.

"Kimekufa njaa," alisema. "Hakikuweza kunyonya. Huyu ni wa tatu, Mwalimu. Wale wawili sikukwambia, nilidhani ni bahati mbaya."

Barua ya maabara ilikuja miezi miwili baadaye, nikaisoma kwa sauti tukichambua kahawa kwenye kichanja. Ilisema wanyama wa Linyundo wamekaribiana mno kwa damu. Kwa vizazi vingi hakuna mgeni aliyeingia, hakuna kijana aliyetoka. Kasoro ambazo zingefichwa na damu ya mbali sasa zinakutana kwa baba na kwa mama, na zinatokea kwa mtoto. Nilianza kuliweka kwa lugha ya darasani, mraba na herufi kubwa na ndogo. Alinikatisha.

"Yaani wanaoana ndugu."

"Ndiyo, mama."

"Huku kwetu mshenga akija, kabla hajakaa vizuri anaulizwa bibi zake ni wa ukoo gani, pande zote mbili. Akibabaika anaondoka na zawadi zake. Nimewaozesha watoto wanne, najua." Alitupa punje mbovu ya kahawa chini. "Na hawa wangemwuliza nani? Sisi ndio tuliowafungia mlango."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nikilipita kila siku bila kuliona. Kati ya Linyundo na mlima mkubwa wa Mkwera, ule ambao ukifika kileleni unaliona Ziwa Nyasa lote mpaka ng'ambo, kuna kigongo kirefu. Zamani kilikuwa nyasi, miti na mawe. Wamatengo hugawana milima kwa ntambo, kila ukoo na mgongo wake kati ya vijito viwili, na desturi ilikuwa juu kabisa hapalimwi. Ngoro zinaanza chini yake. Sababu waliyoisema wazee ni maji. Lakini kijana wa mbuzi mawe aliyefukuzwa na baba yake alipita hukohuko juu, akaenda Mkwera kutafuta mke, na wa Mkwera akaja Linyundo. Hakuna aliyepanga hivyo. Ilitokea tu kwa sababu watu waliacha juu pabaki juu.

Kisha ikaja miaka ya kahawa nzuri. Miche iligawiwa, watu wakapanda kigongo. Wa kwanza kuvunja desturi alikuwa Emilian, na aliyebeba miche kichwani alikuwa Restituta. Majirani walipoona hakuna aliyewakaripia, wakafuata. Upande wa pili wa Linyundo barabara ilipanuliwa na malori ya makaa ya mawe yakaanza kupita mchana na usiku. Mlima ukabaki peke yake katikati ya mashamba na lami.

Mradi ulipopata majibu ya maabara uliitisha mkutano. Afisa wake aliitwa Praygod, kijana mtanashati wa kutoka Moshi, viatu safi hata masika. Restituta alisimama akasema mambo mawili yanawezekana: kufungua kigongo kwa kuondoa mashamba, au kuleta damu mpya kutoka mbali. Kufungua kigongo kulikataliwa palepale, na waliokataa ni wanakijiji wenyewe, kwa makelele. Ukabaki mpango wa kuhamisha. Dume mmoja na jike mmoja wakamatwe kwenye milima ya mbali inayotelemkia ziwani, kule juu ya Kihagara, waletwe Linyundo. Kampuni ya kukamata wanyama ikapewa kazi. Tukaambiwa tusubiri.

Tulisubiri miaka miwili. Vitoto vingine viwili vilikufa.

Siku ya wageni kufika ilikuwa mwezi wa saba, baridi kali, na sherehe yenyewe ungedhani ni mbio za mwenge. Turubai, maspika, ngoma ya shule yangu, na wanafunzi wangu wamesimamishwa tangu asubuhi na matumbo matupu. Gari lilifika likiwa na masanduku mawili ya mbao. Bwana Praygod akahutubia. Alisema wanyama hawa wametoka kilometa nyingi, wamesafiri usiku kucha, na leo Linyundo inapata damu mpya. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, na sijajisamehe.

Sanduku la kwanza likafunguliwa, akatoka jike kijana, akaruka akapotelea kwenye mawe ya mbele. La pili likafunguliwa. Dume alisimama kidogo mlangoni, akageuza kichwa. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo.

Restituta alikuwa kando yangu. Alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

"Huyo ni Sikio," alisema. "Mwalimu, huyo ni Sikio wetu."

Dume akaruka, watu wakashangilia, mpiga picha akakimbia. Nilidhani Restituta angepiga kelele. Hakupiga. Alikwenda kwenye masanduku matupu, akainama, akavunja vijiti viwili vya kichaka, akaokota punje kwenye sanduku la kwanza. Akavitupa, akavunja vingine viwili, akaokota kwenye la pili. Vichupa alikuwa navyo mfukoni, maana ilikuwa Ijumaa. Bwana Praygod alimwona akacheka kwenye kipaza sauti: "Mama Restituta hata leo yuko kazini!" Watu wote wakacheka.

Kisha walimpa karatasi asaini, kama mwangalizi wa kijiji, kwamba wanyama wawili wa kutoka mbali wamepokelewa. Alikataa. Alisema dume amezaliwa palepale, upande wa pili wa mlima wanaoutazama.

"Mama, mbuzi mawe wote wanafanana," alisema Praygod kwa upole, ule upole wa kumwambia mtu kwamba ni mjinga.

"Mke wako akishuka stendi ya Kitai unamtambuaje, Bwana Praygod? Si wanawake wote wanafanana?"

Mwenyekiti wa kijiji alisaini badala yake, na pilau ikaliwa.

Kilichofuata kilinichukua siku chache kukielewa, Restituta alikijua tangu pale. Dume wa mbele ya mlima hakuwa na mpango wa kugawana na mtu. Sikio alitupwa katikati ya eneo la mwenzake, akafukuzwa jabali hadi jabali, na kila upande alikokimbilia kulikuwa na mwenyewe. Siku ya nne asubuhi Restituta alimkuta barabarani, lori limempitia. Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye nyasi. Jumanne iliyofuata nilipanda naye upande wa mashariki. Jike wa Sikio alikuwa juu ya jabali lao. Alituona, akapiga mluzi, akanyamaza kidogo kama wanavyonyamaza wakingoja jibu. Akapiga tena. Restituta aliketi chini akalia kwa hasira, akiyatukana majina ya watu wa kampuni moja baada ya jingine, na wale asiowajua majina akawatungia.

Mlima ulioahidiwa wawili wapya ukawa umepungukiwa na mmoja wa zamani.

Majibu ya vile vichupa viwili yalikuja kwenye simu yangu, kwa sababu yeye hana barua pepe. Maabara iliandika kwa utulivu wake wa kawaida. Sampuli zote mbili ni za wanyama wa Linyundo. Jike ni binti wa jozi ya mashariki, aliyeacha wazazi wake hivi karibuni. Dume ni baba yake.

Baba na binti! Waliwachukua nyuma ya mlima, wakawazungusha kwa gari, wakawaleta mbele ya mlima kama bwana harusi na bibi harusi, na sisi tukawapigia ngoma. Baadaye nilisikia kutoka kwa mhudumu wa nyumba ya wageni kwamba vijana wa kampuni walilala kule Kitai siku mbili wakilalamikia ugumu wa milima ya ziwani, kisha wakagundua kwamba kuna mbuzi mawe karibu na barabara. Karibu na barabara! Waliona mnyama ni mnyama. Walihesabu miguu, wakaona inatosha.

Tulikwenda ofisini Mbinga, mimi na yeye, bodaboda moja. Bwana Praygod alisoma karatasi ya maabara mpaka mwisho, na nitasema ukweli, uso ulimshuka. Alikuwa hajui. Lakini kutojua kwake hakukumzuia kufanya alichofanya baadaye. Aliikunja karatasi akairudisha.

"Ripoti ilishakwenda juu," alisema. "Picha zilishatoka. Mama, naomba msubiri tathmini ya katikati ya mradi."

"Itakuwa lini?" niliuliza.

"Mwaka kesho kutwa."

"Mwanangu," Restituta alimwambia, na hakusema kwa mapenzi, "kwenu mkileta posa kwa binti halafu ikaonekana bwana harusi ni baba yake, mnasubiri tathmini?"

Alitufungulia mlango wa kutokea. Mwezi wa kumi na mbili ilikuja barua fupi: kutokana na mabadiliko ya muundo, nafasi ya mwangalizi wa kijiji imeondolewa, tunakushukuru kwa mchango wako, vichupa vilivyobaki virudishwe. Virudishwe! Alivirudisha vyote, vimeoshwa, kwa sababu ndivyo alivyo. Ningekuwa mimi ningevivunja mlangoni kwao.

Nilidhani ataishia hapo, na nilikuwa tayari kumwandikia malalamiko kila mahali. Yeye aliniacha na kalamu yangu. Jumatatu ya kwanza ya Januari alichukua jembe na panga akapanda kigongo, akaanza kung'oa kahawa. Kahawa yake mwenyewe, ile aliyoibeba kichwani ikiwa miche. Iliyosomesha watoto wote wanne.

Emilian alipandisha mlima mbio, naye ana goti bovu.

"Mama Vitalis, umerukwa na akili?"

"Nilirukwa siku ile nilipoipanda. Leo zimerudi."

Emilian alimkalia kimya siku mbili, hakula ugali wake. Siku ya tatu nilimwona anapanda na shoka. Nikafikiri anakwenda kumzuia. Alisimama akaangalia alipong'oa, akatikisa kichwa. "Umeanza pabaya," alisema. "Hapa ni pembeni. Walikuwa wanapita pale kwenye mawe, nilikuwa nawaona nikiwa kijana." Akaenda pale kwenye mawe, akaanza kukata.

Usidhani kijiji kiliguswa kikafuata. Jirani yao Albina alitoa kipande kidogo baada ya kusali wiki nzima. Mwingine aliachia mawe yaliyokuwa hayafai chochote akataka ashukuriwe kanisani. Wengi walicheka. Mmoja aliongeza miche kwa makusudi. Lakini ukisimama chini ukatazama, ulianza kuonekana mstari, mwembamba na wenye mapengo, wa nyasi zinazorudi kutoka Linyundo kuelekea Mkwera. Na kwenye mstari huo, karibu na upande wa Mkwera, palibaki ukuta mmoja wa kijani uliouziba wote kuanzia ukingo hadi ukingo.

Yalikuwa mahindi yangu.

Nusu ekari niliyokodi kwa mdogo wake Emilian, msimu wa sita sasa. Mimi, ninayechora ubaoni kila mwaka jinsi kundi dogo lililofungiwa linavyoharibika damu. Ninayemtukana Praygod kwa viatu vyake. Nilikuwa nimelima juu kabisa, mahali pasipolimwa, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza nani alikuwa anapita hapo kabla ya jembe langu.

Restituta hakuniambia kitu mwezi mzima. Nadhani aliniheshimu, alinipa nafasi niseme mwenyewe. Sikusema. Mwishowe, mwezi wa pili, tukiwa jikoni, aliweka chini mwiko.

"Na wewe, Mwalimu?"

Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele. Miezi mitatu tu mpaka kuvuna.

"Mama, nisubiri nivune," nilisema.

Nililisikia neno likitoka. Naye alilisikia. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Aliniangalia vilevile alivyomwangalia Praygod siku ile akiikunja karatasi, akachukua mwiko wake, akaendelea kusonga ugali.

"Mwezi huu wa pili ndio baba zao wanawafukuza vijana," alisema akiitazama sufuria. "Wewe vuna."

Kesho yake alfajiri nilikwenda na panga. Nililia nikikata, na sikulia kwa ajili ya mbuzi mawe. Nililia kwa mahindi, na kwa hasira, na kwa kuwa nilihitaji mtu wa kumlaumu na pale juu nilikuwa peke yangu. Jua lilipotoka Restituta akaja nyuma yangu akikusanya mabua mabichi kwa ajili ya ng'ombe wake. Hakunishukuru. Tulifika ukingo wa mwisho saa nne.

Wiki hizo zote hakuna mbuzi mawe aliyevuka. Huenda asivuke mwaka huu. Ofisini Mbinga ukutani kuna picha kubwa ya Sikio akitoka kwenye sanduku, na chini yake pameandikwa kwamba ametoka mbali. Kila Jumanne na kila Ijumaa Restituta bado anapanda, hana kichupa wala mshahara, na akifika kwenye jabali la mashariki yule jike anampigia mluzi na kungoja.